Gari jeusi, nta ya karnauba, na ukungu usiotoka

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari jeusi la miaka tisa. Nilinunua kopo la nta ya karnauba lililoandikwa 'asilimia 100', nikapaka matabaka matatu mazito siku moja, juani, ili yakauke upesi. Kuifuta ilikuwa shughuli pevu. Gari liling'aa siku chache, sasa limerudi lilivyokuwa: boneti ina ukungu, na jua likipiga naona mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui. Ule weusi wa kina, kama unachungulia kisimani, haupo. Je, nta ni feki au nimekosea mimi? Na hasa yanahitajika matabaka mangapi?"

Jibu

Nzuri, karibu. Usiishuku nta bado. Ulichofanya ni sawa na kujipaka mafuta kabla ya kuoga: mwili unang'aa, lakini unang'aa pamoja na vumbi lake. Matabaka yanayohitajika ni mawili, membamba kiasi kwamba unayaona kwa shida, na kati ya la kwanza na la pili upite usiku mmoja. Ila kabla ya kufungua kopo kuna kazi ya karibu siku nzima, na weusi unaoutafuta unapatikana kwenye kazi hiyo.

Tuanze na kile unachokiona. Magari mengi ya sasa yana praima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo klia yote ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mwanga ukigonga klia iliyo laini, sehemu yake hurudi kwa mwelekeo mmoja kama kwenye kioo, na sehemu nyingine huzama hadi kwenye rangi na kumezwa na weusi. Jicho hapo linapata vitu viwili kwa pamoja: picha safi ya mti au taa juu ya boneti, na chini ya picha hiyo giza tupu. Hicho ndicho kina unachokitafuta.

Klia ikijaa mikwaruzo, kila ukingo wa mkwaruzo hurusha mwanga upande wake. Mwanga uliotawanyika hufika jichoni ukiwa weupe, na weupe juu ya weusi ni kijivu. Ndiyo maana gari jeusi lililochoka huonekana kama limetimuliwa vumbi lisilofutika, hata likitoka kuoshwa sasa hivi. Na ule mviringo unaouona haupo kwa kweli. Mikwaruzo imelala kila upande, lakini inayomulika ni ile tu iliyokaa sambamba na duara la mwanga kuzunguka akisi ya jua. Sogea hatua mbili kando uone: duara zima linahama nawe.

Nta ikipakwa hapo hufanya mambo mawili, na yote ni madogo. Kwanza hujaza mikwaruzo midogo kabisa. Kwa kuwa nta hupinda mwanga karibu sawa na klia, mkwaruzo uliojaa nta hupotea machoni, wakati ule uliojaa hewa hubaki ukimeta. Mafuta yaliyomo kwenye mchanganyiko huongeza ukolezo kidogo, kama ubao mkavu unavyokolea ukipakwa mafuta. Pili, huacha uso ambao maji na uchafu haviushiki kwa urahisi. Basi. Haisawazishi klia, haiondoi lami, haitibu rangi iliyopauka. Ukiipaka juu ya ukungu, itautunza ukungu wako vizuri sana.

Kuhusu yale maandishi ya asilimia 100. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili, Copernicia prunifera. Jani hujifunika nta ili lisipoteze maji wakati wa kiangazi. Majani hukatwa, hukaushwa, hupigwa hadi unga wa nta udondoke, kisha unga huyeyushwa na kuchujwa. Inayopatikana ni nta ngumu kuliko nta zote za asili zinazojulikana sana, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi na kuvunjika vipande kama kigae. Nta hiyo ikiwa peke yake huwezi kuipaka kwenye gari. Hata kwa kisu isingechoteka kutoka kwenye kopo. Kwa hiyo watengenezaji huilainisha kwa viyeyushi vya petroli, mafuta, na nta laini zaidi kama ya nyuki. "Asilimia 100" kwenye kopo maana yake kwa kawaida ni kwamba karnauba iliyomo ni karnauba kweli. Haimaanishi kwamba hamna kitu kingine ndani. Wala rangi ya nta kwenye kopo isikudanganye. Ni kweli karnauba ya daraja la juu, inayotoka kwenye majani machanga, huwa ya manjano hafifu, lakini rangi na harufu ya nazi au ndizi huongezwa kiwandani.

Nta hiyohiyo ndiyo inayong'arisha vidonge na peremende, na imo kwenye dawa nyingi za viatu. Kama unajua kung'arisha kiatu, tayari unajua nusu ya kazi hii: dawa kidogo, subiri, kisha brashi. Ukijaza dawa, kiatu kinanata na kuokota vumbi. Boneti yako imepatwa na hilohilo.

Ukungu wako ni wa aina gani?

Kabla ya kununua chochote, changanya alkoholi ya isopropili na maji safi, sehemu moja ya alkoholi kwa nne za maji. Loanisha kitambaa safi cha maikrofaiba, futa sehemu ya boneti yenye ukubwa wa viganja viwili, kisha geuza upande mkavu na ufute tena. Ukungu ukipungua sana, ulikuwa mabaki ya nta iliyokaukia vibaya, na hapo umepona kwa bei ya chupa moja. Usipobadilika, uso wa klia umepauka kwa jua au umechakaa kwa mikwaruzo, na dawa yake ni polishi. Lakini ukiona mabaka meupe yenye kingo ambazo ukucha unazihisi, kama ngozi inayobanduka, klia imekufa. Hapo hakuna nta wala polishi, ni kupaka rangi upya paneli hiyo. Usimruhusu mtu yeyote akuuzie kopo jingine kwa tatizo hilo.

Jaribio la pili ni la ukucha kwenye mikwaruzo. Ukipitisha ukucha juu ya mkwaruzo na ukakwama, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko unachoweza kukiondoa kwa usalama. Kubali kuishi nao. Ile ya utando wa buibui haikwamishi ukucha hata kidogo. Hiyo inatoka.

Kuosha hadi rangi iwe uchi

Mikwaruzo yako ya buibui, kwa uwezekano mkubwa, imezaliwa wakati wa kuosha: ndoo moja, sponji moja, na punje za mchanga zinazosafiri kutoka bampa hadi paa. Kwa hiyo ukipiga polishi bila kubadilisha namna ya kuosha, unakata klia bure, maana mikwaruzo itarudi baada ya wiki chache.

Chukua ndoo mbili za lita 15 au zaidi, moja ya shampuu na moja ya maji matupu, kila moja ikiwa na wavu chini ili mchanga uzame na usipande tena. Mwagia gari maji mengi kwanza, udongo uliolegea uondoke bila kuguswa. Kisha tumia glavu ya maikrofaiba, kwa sababu sponji bapa ya jikoni huibana punje kati yake na rangi, wakati nyuzi ndefu za glavu huimeza. Anza paa, shuka vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na umalizie bampa na sehemu za chini. Kila paneli moja ikiisha, suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuichovya kwenye shampuu. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka. Leo unahitaji shampuu kali iliyotengenezwa kuondoa nta, kwa sababu unavua yale matabaka matatu. Siku nyingine zote tumia isiyo kali, yenye pH karibu na 7. Sabuni ya vyombo iache jikoni: kazi yake ni kung'oa mafuta, na nta yako kwake ni mafuta tu.

Gari likiwa safi na bado limelowa, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole polepole juu ya boneti. Plastiki huondoa msuguano wa ngozi, na utahisi vipele ambavyo macho hayavioni. Ni chuma kutoka vumbi la breki kilichojichomeka kwenye klia, matone ya lami, utomvu wa miti. Kwa chuma, puliza dawa ya kuondoa chembe za chuma, subiri dakika 3 hadi 5 hadi itiririke michirizi ya zambarau (harufu yake ni ya yai viza, jiandae), kisha suuza kabla haijakauka. Lami inatoka kwa kiyeyushi chake: kiache kwenye tone dakika moja, ufute bila kusugua.

Kitakachobaki ni cha klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi. Kata kipande cha gramu 50, kikande hadi kiwe bapa kama kitumbua kilichokandamizwa, puliza kilainishi cha klei kwa wingi, kisha kitelezeshe mbele na nyuma kwa uzito wa vidole tu. Sikiliza. Mara ya kwanza kinatoa sauti ya msasa laini. Ukipita mara tano au sita sauti inakwisha na kipande kinateleza kama kwenye kioo. Hapo sehemu hiyo imetosha, songa mbele. Kikunje kila baada ya nusu ya paneli ili upate uso mpya. Kikikuponyoka kikaanguka chini, kitupe. Usikisuuze, usikionee huruma: mchanga uliokwisha kuingia ndani hautoki, na ukikirudisha kwenye rangi nyeusi utachora ramani. Klei yenyewe huacha michubuko hafifu kwenye gari jeusi, kwa hiyo usiishie hapo.

Polishi

Hapa ndipo kina kinapozaliwa, na ndipo panapoogopwa kuliko inavyostahili. Polishi ina chembe ngumu ndogo sana zinazosawazisha kingo za mikwaruzo kwa kuondoa klia kidogo mno. Kinachostahili kuogopwa ni kurudia mara kwa mara na kung'ang'ania kwenye kingo za milango na mikunjo ya bati, ambako klia huwa nyembamba zaidi. Ziba kingo hizo, pamoja na raba na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi.

Fanya majaribio kwanza kwenye mraba wa sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti. Anza na polishi laini kuliko zote na pedi laini, ile sponji ya duara ya kupigia polishi. Isipotosha, badilisha pedi iwe ngumu kidogo. Isipotosha bado, ndipo uongeze ukali wa polishi. Watu wengi huanzia kwenye ile kali ili wawahi, kisha hutumia siku mbili kuondoa ukungu walioutengeneza wenyewe.

Kwa mkono inawezekana, lakini mikwaruzo mingi itapungua tu, haitaisha, na bega litajua. Mashine inayomfaa anayeanza ni ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba, kwa sababu haikusanyi joto mahali pamoja kama ile inayozunguka tu. Weka matone manne ya polishi yenye ukubwa wa punje ya njegere kwenye pedi, yapake kwenye mraba mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashe kwa kasi ndogo kuyasambaza. Panda hadi kasi ya kati, pedi ikiwa imelala bapa kabisa, na uisogeze sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde: mistari ya kwenda kulia na kushoto, kisha ya juu na chini, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Mizunguko minne hadi sita inatosha. Piga brashi pedi kila mraba ukiisha. Pedi iliyojaa mabaki inasugua rangi kwa uchafu wake yenyewe.

Futa, kisha futa tena kwa ule mchanganyiko wa alkoholi. Usiruke hatua hii, kwa sababu mafuta ya polishi huziba mikwaruzo na kukupa ushindi wa uongo. Washa tochi kali, ishike kwa pembe tofauti. Ukiona mwanga wa tochi una kingo safi bila nywele kuuzunguka, njia yako imefaa. Endelea nayo gari zima. Kitambaa kikitoka na weusi, usishtuke. Kama rangi ya gari lako ni ya tabaka moja bila klia, polishi hubeba rangi kidogo. Kazi ni ileile, ila kwa mkono mwepesi zaidi.

Sasa nta

Kivuli, hewa ya nyuzijoto 15 hadi 25 ikiwezekana, na bati liwe la baridi: weka nyuma ya kiganja juu ya boneti, ukihisi joto subiri. Juani viyeyushi vilivyoilainisha nta huruka kabla haijatandazika, ikang'ang'ania mahali ilipoangukia, na mafuta yake yakabaki yakitembea juu. Ndicho kilichokufanya utoke jasho wakati wa kufuta. Unene nao una kosa lake: uso wa juu hukauka ukafunika unyevu wa chini, ukifuta unavuruga uji.

Chukua sponji laini ya kupakia, iloanishe kwa maji na uikamue hadi isidondoshe hata tone. Igandamize juu ya nta na uigeuze nusu duara, basi. Kiasi hicho kinapaka karibu nusu ya boneti. Gari zima la ukubwa wa kati, tabaka moja, lisile zaidi ya kijiko kimoja cha chakula cha nta. Paka eneo la sentimita 50 kwa 50, kwa mistari iliyonyooka na kisha kukatiza. Iwapo ni mviringo au mstari, wapenzi wa magari hubishana hadi usiku. Kama rangi na sponji ni safi, haijalishi sana. Kinachojalisha ni unene. Tazama kwa pembe: unapaswa kuona mvuke, kama pumzi kwenye kioo. Ukiona weupe wa siagi kwenye mkate, umezidisha, na utakachozidisha chote kitaishia kwenye kitambaa.

Muda wa kusubiri hutegemea mchanganyiko. Nta nyingi za kopo hutaka dakika 5 hadi 15, nyingine hufutwa papo hapo, kwa hiyo soma kopo, kisha mwamini kidole kuliko saa. Pitisha kidole kilicho safi juu ya nta. Kikiacha njia safi inayong'aa, tayari. Kikiburuta na kuacha mchirizi wa mafuta, bado. Hewa ikiwa na unyevu mwingi muda huongezeka, na katika hali hiyo paka paneli moja na uifute kabla ya kwenda nyingine.

Uwe na vitambaa vinne vya maikrofaiba vyenye uzito wa gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba. Kimoja kikikunjwa mara mbili kinakupa nyuso nane. Cha kwanza kinainua nta, kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza. Cha pili kinang'arisha. Uso wa kitambaa ukianza kukwama, geuza. Vitambaa hivi vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana huacha utando unaopaka michirizi, na unaweza kukaa saa nzima ukiilaumu nta kwa kosa la mashine ya kufulia.

Baada ya saa moja rudi ulitazame gari. Mara nyingi nta hutoa jasho: mafuta yaliyobaki hupanda juu na kuleta ukungu wenye rangi za upinde wa mvua. Si hitilafu. Lifute kwa kitambaa safi kikavu, na pakikataa, puliza tone la maji baridi. Wengi huona jasho hili asubuhi yake, wakadhani kazi imeharibika, wakapaka tabaka jingine juu ya mafuta. Hapo ndipo ukungu wa kudumu unapoanzia.

Tabaka la pili lisubiri saa 12 hadi 24, gari likiwa pakavu. Sababu ni viyeyushi. Nta mbichi ya leo inaweza kuyeyusha tabaka la leo na kulibeba, kwa hiyo matabaka yako matatu ya siku moja hayakuwa matatu. Yalikuwa moja lililosukumwa huku na huku. La pili lina kazi ya maana: linafika pale sponji iliporuka mara ya kwanza. La tatu na kuendelea jicho haliyaoni, na mkono wa kufuta huyaondoa. Ukisikia mtu anapaka matabaka kumi, anafurahia kupaka, na hilo si kosa.

Yanayoharibika, na namna ya kuyatengeneza

Nta ikikaukia hadi isifutike, usikwangue. Paka nta mbichi kidogo juu yake na ufute mara moja; viyeyushi vipya vinalegeza ya zamani. Nta iliyoingia kwenye plastiki nyeusi yenye vinyweleo hugeuka nyeupe; isugue kwa brashi laini na sabuni ya matumizi yote iliyopunguzwa makali, ikiwezekana yenye uvuguvugu. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, usiipake karnauba kabisa, utapata mabaka yasiyotoka. Paneli iliyopakwa rangi karibuni iache ipumue. Mafundi wengi husema siku 60 hadi 90, lakini neno la mwisho ni la mtengenezaji wa rangi iliyotumika. Kama gari lina seramiki, ile kinga ngumu inayopakwa juu ya klia, karnauba juu yake haidhuru ila inaificha kazi ya kitu kilicho bora kuliko yenyewe kwa kudumu. Na usifungue kopo karibu na mahali panapopakwa rangi: nta nyingi zina silikoni, na chembe yake moja kwenye bati linalosubiri rangi huleta vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Kuhusu kudumu, tusidanganyane. Gari linalolala na kushinda nje hupata wiki 4 hadi 8 kutoka kwa karnauba. Likikaa bandani linaweza kufika miezi mitatu. Bati jeusi juani linaweza kupita nyuzijoto 70, na mchanganyiko wa kopo hulainika mapema kuliko karnauba tupu. Usipime uhai wa nta kwa matone ya maji pekee, kwa sababu uchafu nao huua matone. Osha kwanza, kisha mwagia maji. Yakitandaa badala ya kujikusanya, paka tabaka moja jembamba. Kinyesi cha ndege nacho hakisubiri. Nta inakupa saa chache zaidi, haikupi ruhusa ya kukiacha hadi kesho. Kilaze chini ya kitambaa kilicholowa dakika tano, kisha kiinue.

Ukitaka mng'ao wa karnauba na muda mrefu zaidi, paka kwanza silanti, ile kinga ya maabara, iache ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha karnauba juu. Kinyume chake hakifai: silanti inahitaji kushika klia, na ikikuta nta haina pa kushika.

Kabla ya kujitosa gari zima, fanya hivi kwenye boneti pekee. Bandika tepu katikati, kutoka kioo hadi nembo. Osha, pitisha klei na piga alkoholi pande zote mbili, lakini polishi piga upande wa dereva tu. Toa tepu, paka nta ileile ya kopo lako, kwa wembamba uleule, pande zote. Kesho yake saa nne asubuhi simama mbele ya gari, jua likiwa begani kwako, utazame mahali tepu ilipokuwa.